Mstari Mmoja kwenye Simu: Jinsi Mwonekano wa Orodha Unavyomlinda Mwananchi Anayelipia Huduma

Mwananchi anayelipia huduma ya umma kwa simu ya mkononi hukutana na orodha karibu katika kila hatua. Huchagua ankara katika orodha ya madeni, huchagua siku katika orodha ya nafasi za miadi, na hufuatilia maombi yake katika orodha ya yaliyopokelewa, yaliyorudishwa na yaliyokamilika. Katika dirisha la ofisi, mtumishi angeweza kumwuliza, "Ni ya nyumba ipi, mama?" kabla ya kupokea fedha. Kwenye simu hakuna anayeuliza. Kazi hiyo imeachiwa mstari mmoja wa maandishi usiozidi upana wa kiganja.

Ndiyo maana namna mstari huo unavyopangwa, yaani maneno yake, rangi yake, ukubwa wa herufi zake na nafasi inayouzunguka, ni sehemu ya huduma yenyewe. Ukipangwa vizuri, mwananchi hutambua kwa kutazama mara moja anachodaiwa na anachotakiwa kufanya. Ukipangwa vibaya, anaweza kulipa ankara isiyo yake, kufika hospitali akiwa amechelewa kwa saa 6, au kufuta ombi alilokusudia kulifungua tu.

Makala haya yanaeleza jinsi orodha za kwenye simu zinavyoundwa, mambo ambayo mtengenezaji wa programu anapaswa kuyazingatia anapochora mwonekano wa kila mstari, na marekebisho ambayo mwananchi anaweza kuyafanya mwenyewe kwenye simu yake bila gharama.

Taarifa na sura yake hukaa mahali tofauti

Programu ya simu hutenganisha taarifa na sura ya taarifa hiyo. Taarifa, kama vile jina la mlipaji, kiasi cha deni na tarehe ya mwisho ya kulipa, hutoka kwenye kanzidata ya taasisi inayotoa huduma. Sura hutoka kwenye kiolezo ambacho mtengenezaji amekichora mara moja: jina likae juu kwa herufi nzito, kiasi kikae upande wa kulia, hali ya malipo ikae chini. Programu huchukua taarifa za ankara ya kwanza na kuzijaza kwenye kiolezo hicho, kisha ya pili, kisha ya tatu, hadi skrini ijae. Kazi hiyo inafanana na ya karani anayejaza kitabu cha stakabadhi zilizokwisha kuchapwa. Fomu ni ileile, kinachobadilika ni maandishi ya kalamu.

Simu haichori mistari yote kwa pamoja. Mwananchi mwenye ankara 200 katika kumbukumbu zake huona labda 8 kwa wakati mmoja, kwa hiyo programu hutengeneza mistari michache inayotosha kujaza skrini. Anapopandisha orodha kwa kidole, mstari unaotoweka upande wa juu huchukuliwa, hujazwa taarifa mpya na kuingizwa upande wa chini. Kwenye simu za Android, zana ya kutengenezea orodha za namna hiyo, RecyclerView, ilitolewa mwaka 2014, na jina lake linatokana na tabia hiyo ya kuitumia tena mistari. Simu za iPhone nazo zimekuwa na utaratibu unaofanana na huo tangu mwaka 2008, watengenezaji wa nje walipofunguliwa mlango wa kuziandikia programu.

Utaratibu huu huokoa chaji na kumbukumbu ya simu, jambo lenye uzito kwa wenye simu za bei nafuu. Hata hivyo, una mtego wake. Mtengenezaji akiagiza kwamba ankara isiyolipwa iandikwe kwa rangi nyekundu, lakini akasahau kuagiza kwamba iliyolipwa irudishwe kwenye rangi nyeusi, mstari uliokwisha kupakwa nyekundu hubaki nyekundu unapotumika tena kuonyesha ankara nyingine. Kanzidata inasema ankara imelipwa. Skrini inaonyesha kana kwamba inadaiwa.

Dalili ya kasoro hiyo ni kwamba rangi au alama huhama kila orodha inapopandishwa na kushushwa. Mwananchi anayeiona hana sababu ya kulipa kwa hofu. Anapaswa kuifungua ankara yenyewe, kusoma hali ya malipo iliyoandikwa ndani, kisha kuitaarifu taasisi husika. Kwa mtengenezaji, tiba ni fupi: kila hali, ya kulipwa na ya kutolipwa, ipewe sura yake kwa agizo la wazi, isiachwe irithi sura ya mstari uliotangulia.

Maneno yanayotofautisha yatangulie

Upana wa simu ni mdogo, na maandishi yasiyotosha hukatwa mwishoni na kuwekewa nukta tatu. Mwenye nyumba tatu anaweza kufungua orodha yake na kukuta mistari mitatu inayosomeka sawasawa: "Ankara ya huduma ya maji kwa…" Kila kinachotofautisha nyumba moja na nyingine kimekatwa. Mstari ungeanza na jina la nyumba na mwezi, kisha ukataja aina ya huduma, mkato huo usingemdhuru mtu.

Baadhi ya programu humruhusu mtumiaji kukipa kila kipengee jina analolijua mwenyewe, kwa mfano "Nyumba ya mama", "Duka" au "Chumba cha uani". Uwezo huo mdogo una faida kubwa kuliko mapambo yoyote, kwa kuwa mtu hukosea mara chache jina alilolitoa mwenyewe kuliko namba ya mita aliyopewa. Mwananchi anayekuta nafasi hiyo kwenye programu anayoitumia anashauriwa kuitumia.

Namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi huiita kontroo namba, inahitaji uangalifu wa pekee. Namba hiyo ina tarakimu 12, na namba mbili zilizotolewa na taasisi moja zinaweza kufanana mwanzoni na kuachana tarakimu za mwisho tu. Mstari unaoikata mwishoni huficha sehemu ileile ambayo mlipaji anaihitaji. Namba hiyo inapaswa kuonyeshwa yote, ikiwa imegawanywa katika mafungu matatu ya tarakimu nne nne, ili jicho liweze kuilinganisha na iliyo kwenye karatasi au ujumbe mfupi fungu kwa fungu.

Kiswahili nacho kina mahitaji yake. Programu nyingi huchorwa kwanza kwa Kiingereza na kutafsiriwa baadaye, na nafasi iliyopimwa kwa neno fupi la Kiingereza haiwatoshi wasomaji wa Kiswahili. Mahali ambapo Kiingereza kinahitaji herufi 4 kusema kwamba deni limelipwa, Kiswahili kinahitaji herufi 8 za "Imelipwa". Mahali ambapo Kiingereza kinatumia neno moja lenye herufi 7, Kiswahili kinasema "Inasubiri kuthibitishwa", maneno mawili yenye jumla ya herufi 22. Hatari huongezeka pale maneno yanapokatwa katikati na bado yakaleta maana: "Imelipwa sehemu" ikikatwa na kubaki "Imelipwa", mwananchi ataondoka akiamini hadaiwi tena, na atashangaa huduma ikikatwa.

Aidha, ukanushi katika Kiswahili hukaa mwanzoni mwa kitenzi. "Imelipwa" na "Haijalipwa" zinaishia kwa sauti zilezile, na mtu anayesoma kwa haraka huweza kuzichanganya, hasa zikiwa zimeandikwa kwa herufi ndogo zenye rangi moja. Njia salama ni kutumia maneno yasiyofanana, kwa mfano "Deni" na "Imelipwa", au kuweka kando ya kila neno alama yenye umbo tofauti. Mstari nao unapaswa kuruhusiwa kurefuka kwenda chini pale maneno yanapokuwa mengi, badala ya kufungwa katika kimo kimoja.

Rangi peke yake haitoshi

Watengenezaji wengi hupenda kutumia rangi ya kijani kwa jambo lililokamilika na nyekundu kwa jambo linalosubiri. Rangi hizo husaidia, ila haziwafikii watu wote. Wapo watu wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani tangu kuzaliwa, hali inayojulikana kama upofu wa rangi. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, takribani mmoja kati ya 12 ana hali hiyo. Kiwango hutofautiana kati ya jamii na jamii, na wanaume huathirika zaidi kuliko wanawake, lakini hakuna jamii isiyo na watu hao. Wengi wao hawajawahi kupimwa, na baadhi hawajui kwamba wanaona tofauti na wenzao.

Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa maudhui ya kidijitali inayotolewa na jumuiya ya W3C, ambayo toleo lake la 2.1 lilichapishwa mwaka 2018 na toleo la 2.2 mwaka 2023, inataka rangi isiwe njia pekee ya kutoa taarifa. Kwa orodha ya ankara, maana yake ni kwamba mstari mwekundu uandikwe pia neno linaloeleza hali ya deni, na ikiwezekana uwekewe alama. Kipimo rahisi ni kuiangalia skrini ikiwa imegeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe: ikiwa bado mtu anaweza kutambua ankara iliyolipwa na isiyolipwa, orodha imefaulu.

Miongozo hiyo pia inaweka kiwango cha utofauti kati ya rangi ya maandishi na rangi ya nyuma yake. Utofauti huo hupimwa kwa uwiano unaoanzia 1 kwa 1, pale rangi mbili zinapokuwa sawa, hadi 21 kwa 1, ambao ni wa nyeusi juu ya nyeupe. Maandishi ya kawaida yanatakiwa kufikia angalau 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa angalau 3 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe, ambacho hupendwa kwa tarehe na maelezo madogo ya mstari, mara nyingi hushuka chini ya kiwango hicho. Katika ofisi yenye kivuli kinaweza kusomeka. Kituoni, sokoni au shambani chini ya jua la mchana hutoweka kabisa. Na tarehe ya mwisho ya kulipa ndiyo mara nyingi huandikwa kwa kijivu hicho.

Jambo jingine ni mandhari meusi, ambayo yaliingizwa rasmi kwenye mfumo wa Android na wa iPhone mwaka 2019. Mwananchi akiyawasha, sehemu ya nyuma ya programu hugeuka kuwa nyeusi. Ikiwa mtengenezaji aliagiza maandishi yawe meusi siku zote, mstari utaonekana mtupu ingawa maandishi yapo. Orodha inapaswa kujaribiwa katika mandhari yote mawili kabla ya kupelekwa kwa wananchi.

Saa, tarehe na fedha

Mstari wa miadi ulioandikwa "8:00" unaweza kusomwa kwa namna mbili. Mfumo wa kompyuta unamaanisha saa mbili asubuhi. Mzungumzaji wa Kiswahili aliyezoea kuhesabu saa kuanzia mawio anaweza kusoma tarakimu hiyo kama saa nane mchana. Tofauti ni saa 6, na kwa mgonjwa aliyesafiri kutoka kijijini kwenda hospitali ya rufaa, saa 6 ni miadi iliyopotea na pengine usiku wa kulala kwenye benchi. Kuongeza maneno mawili kwenye kiolezo, "saa 2:00 asubuhi", kunaondoa utata huo. Mwananchi anayekuta saa imeandikwa kwa tarakimu tupu, bila neno asubuhi, mchana au usiku, anashauriwa kuthibitisha kwa simu kabla ya kusafiri.

Tarehe nayo ina mtego wake. Tarakimu "03/04" ni Aprili 3 kwa utaratibu wa Afrika Mashariki na Machi 4 kwa utaratibu wa Marekani, ambako zana nyingi za programu hutengenezwa. Simu iliyowekwa lugha ya Kiingereza cha Marekani inaweza kugeuza mpangilio huo bila mwenye simu kufahamu. Kuuandika mwezi kwa neno, "3 Aprili", hakuchukui nafasi kubwa na hakuachi shaka.

Kwa upande wa fedha, mkato wa kutenganisha maelfu una kazi kubwa. Sh 15000 na Sh 150000 hukanganya jicho. Sh 15,000 na Sh 150,000 hazikanganyi. Viwango vikipangwa vyote upande wa kulia, mamoja chini ya mamoja na maelfu chini ya maelfu, ankara iliyozidi kawaida hujitokeza yenyewe, na mwananchi huweza kuuliza mapema badala ya kugundua baada ya kulipa.

Nafasi ya kidole

Skrini hutazamwa kwa macho lakini huendeshwa kwa kidole, na kidole cha mtu mzima hufunika zaidi ya mstari mmoja wa maandishi madogo. Mwongozo wa watengenezaji wa Android unapendekeza kila eneo la kugusa liwe na vipimo visivyopungua 48 kwa 48 vya kipimo cha skrini cha mfumo huo, na mwongozo wa Apple unataja 44 kwa 44 vya kipimo chake. Lengo ni kupata eneo ambalo kidole kinaweza kuligusa bila kugusa jirani yake.

Umbali kati ya vitufe vilivyo kwenye mstari mmoja una uzito uleule. Kitufe cha "Fungua" kikibanana na cha "Futa", kosa ni suala la muda tu. Vitendo visivyoweza kurudishwa vinapaswa kukaa mbali na vile vya kawaida na kuombewa uthibitisho. Baadhi ya programu huficha kitendo cha kufuta, kikajitokeza pale mtu anapousukuma mstari kwa kidole upande wa kushoto au kulia. Njia hiyo ni ya haraka kwa anayeijua, lakini mzee mwenye mikono inayotetemeka anaweza kuifanya bila kukusudia, na mgeni wa simu janja hawezi kuigundua. Panapotumika njia hiyo, panapaswa kuwepo pia kitufe kinachoonekana kwa kazi hiyohiyo, pamoja na nafasi ya kutengua.

Mwananchi anayesikiliza orodha

Wapo wananchi wasioona au wenye uoni hafifu wanaotumia simu kwa kusikiliza. Kisoma skrini, kama TalkBack kwenye Android au VoiceOver kwenye iPhone, hutamka kilicho chini ya kidole, na mtumiaji husogea kutoka kipengee kimoja hadi kingine. Kwa mtu huyo mwonekano wa mstari ni sauti, na mpangilio wa vipande vyake ni mpangilio wa maneno anayoyasikia.

Mstari uliotengenezwa bila kumfikiria humtamkia vipande vilivyotawanyika: jina la huduma, kisha kitufe kisicho na jina, kisha tarakimu bila kuelezwa ni za nini. Katika orodha ya ankara 8, atalazimika kupita vipande zaidi ya 20 bila kufahamu kipande kipi ni cha ankara ipi. Mstari uliotengenezwa vizuri huunganishwa na kutamkwa kama sentensi moja: "Ankara ya maji, nyumba ya mama, Juni, shilingi elfu kumi na tano, haijalipwa." Alama na picha hupewa maelezo ya maneno, na picha za mapambo huwekewa agizo la kurukwa.

Hilo ni suala la haki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 9 ya mkataba huo inazitaka nchi wanachama kuchukua hatua ili watu wenye ulemavu wafikie kwa usawa habari na mawasiliano, zikiwemo teknolojia na mifumo yake. Mwaka uliofuata, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 ilitungwa. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambayo husimamia matumizi ya teknolojia ya habari na mawasiliano katika taasisi za umma. Huduma inayohamia kwenye simu haipaswi kumwacha dirishani mtu ambaye dirisha lenyewe limeshafungwa.

Kuonyesha kinachotosha

Kuandika taarifa nyingi kwenye mstari si lazima kumsaidie mwenye simu. Orodha hufunguliwa ndani ya daladala, kwenye foleni na mbele ya watu wengine. Mstari unaoonyesha jina kamili, namba ya kitambulisho na jina la kliniki ya mgonjwa humweka wazi kwa yeyote aliye pembeni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaweka misingi ya namna taarifa hizo zinavyokusanywa na kutumiwa, na mpangilio wa skrini unapaswa kuendana na misingi hiyo. Kwa namba ya kitambulisho, tarakimu nne za mwisho kwa kawaida zinatosha kumkumbusha mwenyewe. Namba kamili ionekane pale anapokifungua kipengee. Kontroo namba ni tofauti, kwa kuwa mlipaji hulazimika kuilinganisha yote.

Marekebisho anayoweza kuyafanya mwananchi

Sehemu kubwa ya mwonekano wa orodha iko mikononi mwa mwenye simu. Majina ya vipengele hutofautiana kidogo kulingana na aina ya simu, lakini hupatikana katika Mipangilio, kwenye sehemu ya skrini au ya ufikivu.

Kwanza ni ukubwa wa herufi. Mwananchi anayelazimika kuisogeza simu karibu na macho anaweza kuongeza ukubwa huo kwa kusogeza kitelezi kimoja. Android 14, iliyotolewa mwaka 2023, inaruhusu herufi kukuzwa hadi asilimia 200. Programu iliyotengenezwa vizuri hufuata chaguo hilo, na mistari yake hurefuka. Ile inayobaki na herufi zilezile, au inayokata maandishi yaliyokuzwa, ina kasoro inayostahili kuripotiwa.

Pili ni rangi. Simu nyingi zina uwezo wa kuongeza utofauti wa maandishi na kurekebisha rangi kwa ajili ya wenye upofu wa rangi. Mandhari meusi huwapumzisha baadhi ya watu macho wakati wa usiku, ila juani mandhari meupe kwa kawaida husomeka vizuri zaidi.

Tatu ni lugha. Programu nyingi hufuata lugha iliyochaguliwa kwenye simu. Simu ikiwekwa Kiswahili, programu yenye tafsiri itaandika orodha zake kwa Kiswahili.

Nne ni mpangilio wa orodha yenyewe. Palipo na kitufe cha kupanga au kuchuja, mwananchi anaweza kuziweka juu ankara zenye tarehe ya karibu au kuonyesha zisizolipwa pekee. Hata hivyo, anapaswa kukumbuka kuondoa kichujio baadaye, kwa kuwa ankara iliyofichwa na kichujio bado inadaiwa.

Onyo moja linahitaji kutiliwa mkazo. Marekebisho haya yote yamo ndani ya simu tayari na hayahitaji programu ya ziada. Ujumbe unaomtaka mwananchi apakue kutoka kwenye kiungo kisichojulikana programu ya "kupendezesha" au "kukuza" mwonekano wa huduma za malipo unapaswa kupuuzwa. Ruhusa ya ufikivu, ambayo visoma skrini huihitaji kihalali, humwezesha aliyepewa kusoma kilichoandikwa kwenye skrini na kubonyeza vitufe kwa niaba ya mwenye simu. Programu za wahalifu huiomba ruhusa hiyohiyo ili kuiba fedha. Isitolewe kwa programu ambayo mwenye simu haifahamu chanzo chake.

Kabla ya kubonyeza "Lipa"

Hata orodha iliyochorwa kwa uangalifu haiondoi wajibu wa kuhakiki. Wananchi wanashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo kila wanapolipa kupitia orodha ya kwenye simu:

• Kufungua ankara na kusoma maelezo yake kamili, badala ya kutegemea rangi au maneno yaliyokatwa kwenye orodha.

• Kulinganisha tarakimu zote 12 za kontroo namba, fungu kwa fungu, na zile zilizo kwenye ankara au ujumbe rasmi.

• Kusoma jina la mpokeaji na kiasi kwenye ukurasa wa uthibitisho kabla ya kuingiza namba ya siri.

• Kuhifadhi stakabadhi ya kielektroniki hadi orodha itakapoonyesha kuwa ankara imelipwa, na kutolipa mara ya pili kwa sababu tu mstari haujabadilika rangi. Orodha inaweza kuwa haijapokea taarifa mpya kutoka kwenye kanzidata.

• Kutoa taarifa kwa taasisi husika pale mstari unapokuwa hausomeki, haueleweki au hautamkwi na kisoma skrini, kwa kueleza aina ya simu na kuambatisha picha ya skrini iliyofichwa taarifa binafsi.

Taarifa ya namna hiyo kutoka kwa mwananchi ina thamani kwa wanaotengeneza mifumo. Wao hujaribu programu kwenye simu mpya, ndani ya ofisi, kwa macho yaliyoizoea kazi hiyo. Mwenye simu yenye kioo kilichopasuka, anayesoma ankara ya maji juani huku akiwa na mtoto mgongoni, ndiye anayejua kama mstari umesomeka.